Roma kabla ya Caesar: mji wa wakimbizi na wadaiwa ulivyojijengea serikali

#1 Babu Karatasi

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za Roma humu ndani karibu zote zinaanzia kwa Julius Caesar na kuishia kwa Nero. Caesar kazaliwa mwaka 100 KK. Kwa hesabu za Warumi wenyewe, mji wao wakati huo ulishapita miaka 650. Carthage, hasimu wao mkubwa wa Afrika Kaskazini, ilishachomwa, Ugiriki ilishamezwa, barabara zilishajengwa, sheria zilishaandikwa. Kumwanzia Caesar ni kufika msibani siku ya arobaini halafu unauliza marehemu alikuwa nani.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wabishi waanze kunoa: upanga haukutosha. Majirani wote wa Roma walikuwa na panga. Kilichoipandisha Roma ni njaa yake ya askari. Iliwahitaji karibu kila mwaka, na ili iwapate ililazimika kutoa kitu: haki kwa watu wake wa chini, uraia kwa wale iliowashinda. Serikali yao ilijengwa kwa biashara hiyo, na mara nyingi ilikuwa biashara ya kukabana koo.

Tuanze na mahali penyewe. Roma iko kwenye mto Tiber, kilomita 25 hivi kutoka baharini, pale kisiwa cha katikati ya mto kinaporahisisha kuvuka. Njia ya chumvi kutoka pwani kwenda milimani ilipita hapo hapo. Ng'ambo ya mto upande wa kaskazini walikuwepo Waetruski, watu wa miji na mafundi wa chuma na shaba. Kusini walikuwepo Walatini wenzao, na mbele zaidi miji ya Wagiriki waliohamia Italia. Juu ya kilima cha Palatinus wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta matundu ya nguzo za vibanda vya fito na udongo vya karne ya 8 KK. Bonde lililo chini yake lilikuwa kinamasi. Katika karne ya 7 na ya 6 KK likajazwa kifusi na kuchimbiwa mfereji, ndipo ukapatikana uwanja wa Forum, yaani soko, mahakama na jukwaa la siasa mahali pamoja.

Hadithi ya Romulus na Remus na yule mbwa mwitu jike mnaijua. Kipande ambacho wengi wanakiruka ni hiki: Romulus, baada ya kuanzisha mji, alikosa watu. Akafungua kimbilio kwenye kilima cha Capitolinus, akapokea kila aliyekuja: waliokimbia kesi, watumwa waliotoroka mabwana zao, wasio na kwao. Iwe kweli iwe ngano, hebu fikirieni taifa linalowafundisha watoto wake kwamba babu zao walikuwa wakimbizi, na linasema hivyo kwa kujivuna. Waathene walikuwa wanajisifu kinyume chake, kwamba wao wamechipuka kwenye udongo wao wenyewe.

Wafalme wanatajwa 7. Numa, wa pili, ni Msabini, kabila jirani. Tarquinius wa kwanza katokea Etruria, na baba yake anasemekana kuwa Mgiriki wa Corinth. Servius Tullius anasimuliwa kuwa mtoto wa mtumwa, na ndiye anayepewa sifa ya kuanzisha sensa ya kuwapanga raia kwa mali na silaha. Wa mwisho, Tarquinius Superbus, alitawala kwa mabavu. Mwanawe Sextus akambaka Lucretia, mke wa mtu mkubwa. Lucretia akawaita baba yake na mumewe, akawaeleza, kisha akajichoma kisu mbele yao. Brutus, aliyekuwepo pale, akauinua mji, na mwaka 509 KK ufalme ukaisha.

Badala ya mfalme mmoja wakaweka makonsuli wawili wenye mamlaka sawa, muda wao mwaka mmoja. Mmoja akikataa, la mwenzake limekwama. Kila konsuli alitanguliwa na walinzi 12 waliobeba mafungu ya fimbo na shoka, lakini ndani ya mji shoka zilitolewa, kwa sababu raia alikuwa na haki ya kukata rufaa mbele ya wananchi kabla ya kuuawa. Likitokea la hatari kubwa, aliteuliwa dikteta mmoja, asizidi miezi 6.

Naendelea baadaye kidogo. Mwenye swali aweke.

#2 Ndege Mnana

Mkuu mwaga, nimeshavuta mkeka.

#3 Mbishi wa Kudumu

Babu, umeanza vizuri ila unatuuzia ngano kama historia. Huyo Livy aliyesimulia ya Lucretia aliandika zama za Augustus, miaka karibu 500 baadaye. 753 KK ya kuanzishwa mji na hiyo 509 nani alizihesabu? Mimi najua hata wafalme wenyewe wana utata. Wafalme 7 kwa miaka 244, kila mmoja atawale wastani wa miaka karibu 35, na wengine wameuawa? Haiingii akilini.

#4 Babu Karatasi

Mbishi, nilikutegemea.

Mwaka 753 ni hesabu ya Varro, msomi wa karne ya 1 KK, na Livy mwenyewe anakiri kwamba kumbukumbu nyingi za zamani ziliangamia Wagalli walipouteka mji, mwaka 390 KK kwa hesabu ya kawaida. Kwa hiyo majina na mazungumzo ya enzi ya wafalme sikulazimishi uyaamini. Lakini kwamba palikuwa na wafalme, hapo ardhi yenyewe imesema. Mwaka 1899, chini ya sakafu ya mawe meusi pale Forum, lilichimbuliwa jiwe lenye maandishi ya Kilatini cha kale sana, la karne ya 6 KK hivi, na mfalme anatajwa ndani yake. Vibanda vipo, mfereji upo, misingi ya hekalu kubwa la Jupiter ipo. Nani alimbaka nani, hiyo nakuachia.

Mimi mwenyewe ngano hizi nazitumia kujua Warumi walijionaje. Watu wanaoeleza mwanzo wa jamhuri yao kwa kisa cha mkubwa aliyemvunjia raia heshima ndani ya nyumba yake, wametuambia wanaogopa nini.

#5 Babu Karatasi

Sasa tuingie kwenye deni, maana hapa ndipo serikali ya Roma ilipozaliwa hasa.

Mfalme katoka, lakini vyeo vyote vimeshikwa na koo chache za mapatrisi. Ukonsuli wao, ukuhani wao, hukumu zao. Wengine wote ni plebei: wakulima, mafundi, wachuuzi, na baadhi yao wana mali nzuri tu ila hawana ukoo. Askari wa Roma siku hizo hakulipwa mshahara. Alikuwa mkulima aliyejinunulia silaha, anakwenda vitani majira ya kiangazi, akirudi anakuta shamba limeota magugu au limechomwa. Anakopa. Na dhamana ya mkopo ilikuwa mwili wake mwenyewe.

Livy anasimulia kisa cha mwaka 495 KK. Mzee mmoja katokeza Forum, nguo zimechakaa, amekonda, ndevu na nywele timtim. Watu wakamtambua: huyu si alikuwa akida wa jeshi? Akafunua kifua, makovu ya vita yapo mbele. Akaeleza kwamba alipokuwa vitani na Wasabini, adui walichoma nyumba yake na kuswaga mifugo yake, kisha kodi ikamjia wakati mbaya, akakopa, riba ikaota juu ya riba. Shamba la babu likaondoka, halafu mali nyingine, mwisho mdai akamchukua yeye mwenyewe, akamtia kwenye gereza lake la nyumbani. Akageuka. Mgongoni makovu mabichi ya mijeledi. Mji ukalipuka.

Wakati huo huo adui wako njiani. Konsuli akaahidi kwamba atakayejiandikisha jeshini hatafungwa kwa deni. Wakaenda, wakapigana, wakashinda, wakarudi, na wadai wakaendelea walipoishia. Ahadi ikaota mbawa.

Mwaka 494 KK hawakupigana na mtu. Waliondoka tu. Jeshi la plebei likatoka mjini, likavuka mto Anio, likapiga kambi kwenye Mlima Mtakatifu, maili 3 kutoka Roma, likakaa kimya. Hakuna duka lililovunjwa, hakuna mtu aliyeguswa. Mapatrisi wakabaki na mji usio na askari, na majirani wote wanasikiliza.

Maafikiano yakaleta cheo ambacho sikijui kwingine kokote katika ulimwengu wa kale: matribuni wa plebei. Walianza wachache, baadaye wakawa 10. Tribuni hakuwa na jeshi wala walinzi wa fimbo. Alikuwa na kiapo cha watu wake kwamba atakayemgusa amelaaniwa na anaweza kuuawa bila kesi. Mlango wa nyumba yake ulikaa wazi usiku na mchana, na hakuruhusiwa kulala nje ya mji, ili mwenye shida amkute. Konsuli akitaka kumkamata raia, tribuni anaingia kati kwa mwili wake. Baadaye mamlaka hayo yakakua mpaka tribuni mmoja anaweza kusimamisha muswada, uchaguzi, hata uamuzi wa Seneti.

#6 Kalamu ya Mkaa

Umemsahau makusudi Menenius Agrippa au? Yule mzungumzaji aliyetumwa mlimani akawapa hadithi ya viungo vilivyomgomea tumbo, vikidai tumbo linakula bure, mwisho vyenyewe vikadhoofika. Plebei wakaelewa wakarudi. Busara kubwa ile.

#7 Mbishi wa Kudumu

Busara ya tumbo hiyo. Watu wana makovu mgongoni unawapelekea hadithi.

#8 Babu Karatasi

Kalamu, hapo niko na Mbishi kwa mara ya kwanza na labda ya mwisho. Kama hadithi ingetosha, wasingedai matribuni. Walirudi na cheo mkononi.

Tuendelee. Jambo la pili walilolitaka ni sheria ziandikwe. Kabla ya hapo sheria ilikuwa kichwani mwa mapatrisi, na hakimu anakumbuka kinachomfaa. Mwaka 451 KK ikaundwa tume ya watu 10, mwaka uliofuata ya pili, na kazi yao ikatoka kama Mbao Kumi na Mbili zilizowekwa hadharani Forum. Si sheria za huruma. Mdaiwa aliyeshindwa kesi alipewa siku 30 za kulipa, asipolipa anafungwa kwa mdai siku 60, anatolewa sokoni siku tatu za gulio na deni lake likitangazwa, na asipopata wa kumkomboa anaweza kuuawa au kuuzwa ng'ambo ya Tiber. Lakini sasa kila mtu anazijua siku zake. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wao, miaka zaidi ya 350 baadaye, anasema utotoni kwao walizikariri. Tume ya pili ilinogewa na madaraka ikakataa kutoka, na mwaka 449 plebei wakagoma tena.

Baada ya hapo ni kamba inavutwa kidogo kidogo. Mwaka 445 plebei na mapatrisi wakaruhusiwa kuoana. Mwaka 367 ikapitishwa kwamba konsuli mmoja aweze kuwa plebei, baada ya matribuni Licinius na Sextius kuwania jambo hilo kwa miaka 10 na kuzuia hata chaguzi. Mwaka 326 raia akaacha kufungwa utumwani kwa deni. Mwaka 287, kwa mgomo mwingine uliosababishwa na madeni, wakahamia kilima cha Janiculum, na dikteta Hortensius akapitisha kwamba maamuzi ya mkutano wa plebei ni sheria kwa kila Mrumi, awe patrisi asiwe.

Kuanzia 494 mpaka 287 ni miaka 207. Hakuna mwenye hekima mmoja aliyekaa chini akaandika katiba ya Roma. Haikuandikwa kabisa. Sparta wana Lycurgus wao, Athens wana Solon. Roma ina orodha ya migomo.

Ila msije mkadhani ilikuwa demokrasia. Makonsuli walichaguliwa na mkutano uliogawanywa katika senturia 193, kila senturia kura moja. Wapanda farasi matajiri walikuwa na senturia 18, tabaka la kwanza la mali 80. Jumla 98, na hiyo tayari ni zaidi ya nusu. Kura zilipigwa kuanzia juu, zikifika nusu zinasimama. Wasio na mali kabisa, na walikuwa wengi mno, wote walirundikwa kwenye senturia moja. Mara nyingi jua lilizama hawajaitwa. Na mpaka mwaka 139 KK kura za uchaguzi zilitolewa kwa mdomo, tajiri wako akiwa amesimama hapo anasikiliza.

#9 Mtoto wa Eastlando

Salaam kutoka Nairobi. Sisi hapa Kenya tuko na Seneti tangu katiba ya 2010, tunachagua seneta kwa kila kaunti. Hii ya Roma ilikuwa inachaguliwa na nani? Na kazi yake ilikuwa gani haswa kama sheria zinapitishwa na mikutano?

#10 Babu Karatasi

Karibu sana, Eastlando. Ile ya Roma haikuchaguliwa na mtu moja kwa moja. Ilikuwa baraza la watu 300 hivi kwa karne nyingi, karibu wote wakiwa wameshika vyeo, na walikaa humo maisha yao yote. Majina yao yaliandikwa na masensori, maafisa wawili waliochaguliwa kila baada ya miaka 5, ambao pia walihesabu raia na waliweza kumfuta seneta kwa tabia mbaya.

Kisheria Seneti ilishauri tu. Kiuhalisia konsuli wa mwaka mmoja, anayejua mwakani atarudi kukaa na wazee hao mpaka afe, angewapuuza vipi? Ilishika hazina, iligawa majeshi na majimbo, ilipokea mabalozi. Vyeo vyenyewe vilikuwa ngazi: kwestori wa fedha, edili wa masoko na majengo, pretori wa mahakama, halafu konsuli, na baada ya sheria ya mwaka 180 KK kila ngazi ikawa na umri wake. Mtu akifika juu ameshahesabu fedha, ameshasikiliza kesi na ameshalala kwenye hema la jeshi.

Mgiriki Polybius, aliyepelekwa Roma kama mateka mwaka 167 KK, aliutazama mfumo huo akasema nguvu yake iko kwenye mchanganyiko: makonsuli ni kama wafalme, Seneti kama utawala wa wakubwa, mikutano kama utawala wa watu, kila mmoja ana kamba ya kumvuta mwenzake. Mimi naona aliwaremba. Seneti ilikuwa na kamba ndefu kuliko wengine.

#11 Chuma cha Moto

Nimevumilia mpaka hapa. Babu unatupaka mafuta. Roma walikuwa majambazi waliojipanga vizuri, basi. Mwaka 396 KK wameiteka Veii, mji jirani kabisa, wakauza watu wake. 167 KK jemadari Aemilius Paullus kapora miji 70 ya Epirus, watu 150,000 utumwani. 146 KK Carthage imechomwa na waliobaki wameuzwa, mwaka huo huo Corinth. Uraia gani hapo?

#12 Babu Karatasi

Chuma, hayo yote yametokea na sitayapunguza hata moja. Nami sikusema walikuwa watu wema. Swali langu ni jingine: majambazi waliojipanga walikuwa wengi Bahari ya Kati, kwa nini huyu mmoja ndiye aliyebaki?

Tazama mwaka 338 KK. Walatini, washirika wa zamani wa Roma, wameasi na wameshindwa. Desturi ya wakati ule ni kuua, kuuza, au kutoza ushuru. Roma ikauvunja muungano wao na kuzungumza na kila mji peke yake. Miji kama Lanuvium na Aricia ikapewa uraia kamili wenye kura. Mingine ikabaki na haki za Kilatini, kuoa na kufanya biashara na Warumi. Capua ikapata uraia usio na kura. Wengine wakawa washirika kwa mkataba. Hakuna aliyetozwa ushuru wa mwaka. Wote walidaiwa kitu kimoja: askari vita vikiitwa, na nyara wanagawana.

Umeona ujanja? Kila anayeshindwa anaongeza jeshi. Na kwa kuwa faida pekee ya washirika ni kuwatumia vitani, dola inajikuta haiwezi kukaa bila vita. Hapo nakubaliana na wewe kwa asilimia mia.

Sasa matokeo. Mwaka 280 KK Pyrrhus, mfalme wa Epirus, katua kusini mwa Italia na tembo. Kashinda Heraclea, kashinda Asculum mwaka uliofuata, na kila akishinda anapoteza watu asioweza kuwapata tena, wakati Roma inaleta jeshi jipya. Mwaka 275 akaondoka zake. Kisha Hannibal, jemadari wa Carthage. Polybius anatoa hesabu ya mwaka 225 KK ya wanaoweza kubeba silaha, Roma na washirika: zaidi ya 700,000 kwa miguu na 70,000 kwa farasi. Hannibal aliteremka milima ya Alps na watu 26,000 hivi.

Na bado alikaribia kuwamaliza! Cannae, 216 KK. Makonsuli wawili wanapokezana amri, leo wewe kesho mimi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya konsuli Varro, si yule msomi wa huko juu. Ule mfumo wa kubanana niliousifu huko juu ukawaua mchana kweupe. Livy anataja waliokufa karibu 48,000, Polybius anataja 70,000. Hannibal akasubiri washirika waikimbie Roma, ndio ulikuwa mpango wake wote. Capua ikamfuata, na miji mingi ya kusini. Lakini Italia ya kati na makoloni ya Kilatini wakabaki. Roma ikanunua watumwa vijana 8,000 kwa fedha ya serikali, ikawapa silaha, na baadaye waliopigana vizuri wakapewa uhuru. Varro alirudi akiwa ameshindwa vibaya kuliko konsuli yeyote, na Seneti ikamshukuru kwa kutokata tamaa na jamhuri. Miaka 14 baadaye, 202 KK, Hannibal kashindwa kwao Afrika, pale Zama.

Kama mimi huniamini, msikilize adui yao. Karibu na mwaka 214 KK Philip wa Tano wa Makedonia aliwaandikia watu wa mji wa Larissa wapokee raia wapya, akawatolea mfano Warumi: wale wanawaachia huru watumwa wao, wanawafanya raia, wanawapa hata vyeo, na kwa njia hiyo wameukuza mji wao. Kwenye vyeo alizidisha, maana aliyekuwa mtumwa mwenyewe hakugombea, mwanawe ndiye aliyeweza. Barua ilichongwa kwenye jiwe na ipo.

#13 Mwana Filipi

Sasa naielewa vizuri Matendo 22. Paulo amefungwa kamba tayari kwa mijeledi, anauliza tu kama ni halali kumpiga Mrumi bila hukumu, na jemadari anaogopa. Jemadari anasema uraia wake aliununua kwa fedha nyingi, Paulo anajibu yeye kazaliwa nao. Na kule Filipi, yeye na Sila walipigwa, kesho yake mahakimu wakaja wenyewe kuomba radhi.

#14 Babu Karatasi

Barikiwa kwa mfano huo. Ile rufaa kwa Kaisari katika Matendo 25 ni mjukuu wa ile rufaa ya shoka kutolewa kwenye fimbo. Ila tofauti iangalieni: zamani rufaa ilikwenda kwa wananchi, zama za Paulo inakwenda kwa mtu mmoja. Mwaka 212 BK mfalme Caracalla akawapa uraia karibu watu wote huru wa dola.

#15 Ndege Mnana

Huku kwetu walifika?

#16 Babu Karatasi

Kutawala, hapana. Kufanya biashara, ndiyo. Roma ilipoitwaa Misri mwaka 30 KK, wafanyabiashara wa huko walishuka Bahari ya Shamu mpaka pwani waliyoiita Azania. Kipo kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1 BK, kwa Kigiriki, mwandishi hajitaji, kinachoeleza bandari ya Rhapta, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Ushuru kinasema ulikusanywa na watu wa Muza, huko Yemen ya leo. Rhapta ilikuwa wapi, wataalamu bado wanabishana, na Rufiji ni kati ya sehemu zinazotajwa sana. Hilo lina uzi wake, tusilichanganye na huu.

#17 Kalamu ya Mkaa

Swali moja. Kama biashara ya haki kwa askari iliwafaa hivyo, mbona jamhuri ilikufa?

#18 Babu Karatasi

Kwa sababu waliacha kulipa. Vita vya mbali vilimweka mkulima nje miaka, shamba lake likanunuliwa na tajiri, likalimwa na watumwa walioletwa na vita vile vile. Tribuni Tiberius Gracchus akataka ardhi ya umma igawiwe upya, na mwaka 133 KK maseneta wakamuua kwa marungu, yeye na wafuasi zaidi ya 300. Tribuni! Yule ambaye kumgusa ni laana. Washirika wa Italia nao wakaomba uraia, wakanyimwa, na mwaka 91 wakashika silaha. Roma ilishinda vita hivyo kwa kuwapa kile kile walichokuwa wanakiomba.

Katikati hapo, mwaka 107, Marius akaandikisha askari wasio na mali hata kidogo. Seneti ikakataa kuwaandalia mashamba ya kustaafu, basi wakamtazama jemadari wao. Kuanzia hapo anayelipa ni jemadari, na askari ni wa anayelipa. Sulla aliingia Roma na jeshi mwaka 88, Caesar akafuata njia hiyo mwaka 49. Augustus alikuwa mjanja kuliko wote: ufalme hakuutaja, vyeo vyote aliviacha na majina yake, na mwaka 23 KK akajitwalia mamlaka ya tribuni kwa maisha yake yote. Kile cheo kilichozaliwa kwenye mgomo wa wadaiwa ndicho watawala walichohesabia miaka yao madarakani.

#19 Mama Zuhura

Uzi mzima wanaume tu, Lucretia peke yake na yeye kafa ukurasa wa kwanza. Wanawake wa Roma hawakugoma?

#20 Babu Karatasi

Mama, shikamoo. Kura hawakuwa nayo, ila kugoma waligoma. Baada ya Cannae ilipitishwa Sheria ya Oppius, mwaka 215 KK: mwanamke asimiliki dhahabu zaidi ya nusu wakia, asivae nguo za rangi rangi, asipande gari la farasi mjini isipokuwa kwa ibada. Vita ikaisha, fedha zikarudi, wanaume wakavaa zambarau zao, sheria ikabaki. Mwaka 195 likaletwa pendekezo la kuifuta, na matribuni wawili wa ukoo wa Brutus wakasema watalizuia. Wanawake wakajaza njia zote za kwenda Forum, wengine wametoka vijijini, kila mwanamume anayepita wanamsimamisha. Konsuli Cato akatoa hotuba kali kwamba mkiwapa usawa leo kesho watakuwa juu yenu. Kesho yake wakaja wengi zaidi, wakazingira milango ya wale matribuni mpaka wakaondoa pingamizi. Makabila yote, yaani makundi yao ya kupigia kura, yakapiga kura kuifuta.

#21 Mama Zuhura

Marahaba. Na huyo Cato alisemaje?

#22 Babu Karatasi

Hakusema. Livy anaandika kwamba aliondoka papo hapo na meli za kivita 25, kwenda kupigana Hispania.